Ngoma Ikishaingia Uwanjani

Barua za mialiko huja shuleni na kiambatisho. Barua yenyewe huwa fupi: tarehe, uwanja, saa ya kuripoti, na mgeni rasmi ambaye jina lake bado halijathibitishwa. Kiambatisho ndicho kirefu. Huitwa maelezo ya onyesho, na maana yake ni kwamba watoto wa bendi wakiwa wanapita uwanjani, mtu atakuwa amesimama jukwaani na kipaza sauti akisoma: sasa mnawaona vijana wetu wakiunda duara, duara hili ni ishara ya umoja, sasa wanageuka kulia kuashiria kwamba tunasonga mbele.

Nimefundisha bendi za shule za msingi hapa Morogoro kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa bendi mwenyewe, mpiga matoazi, mfupi kuliko wenzangu wote wa mstari wa nyuma. Suala la maelezo nimelibeba tangu enzi hizo, na nimelibishania kwenye vikao vingi vya kamati za maandalizi. Msimamo wangu ni huu: ngoma ikishaanza kutembea, mshereheshaji anyamaze. Maneno yana nafasi yake kwenye gwaride, kwenye halaiki na kwenye ngoma za asili, tena nafasi kubwa. Lakini nafasi hiyo ni ya anayecheza. Aliyekaa kivulini akiwa ameshika karatasi hana sehemu humo.

Wanaotaka maelezo nawaelewa. Mgeni rasmi amefika akiwa amechoka na safari, anataka kujua anachotazama. Wafadhili wanataka ujumbe wao usikike. Wazazi wamekuja na watoto wadogo, hawawezi kuwa makini muda wote. Hizo ni hoja za watu wenye nia njema, na ndiyo maana nazijibu kwa yale niliyoyaona uwanjani.

Nilipokuwa darasa la sita tulichukuliwa kwenda kufanya mazoezi ya halaiki. Wasomaji wa umri wangu wanaijua kazi hiyo: wiki nyingi za jua, mistari ya chokaa kwenye nyasi, walimu wenye filimbi, na kila mtoto kupewa alama yake ya kusimama. Mimi nilikuwa kwenye herufi U ya kwanza ya neno UHURU. Kazi yetu ilikuwa kukimbia kutoka pembe nne za uwanja kama watu waliotawanyika ovyo, kupishana, kisha ghafla kuchuchumaa, na aliye jukwaani aone neno limejiandika lenyewe. Uzuri wote ulikuwa kwenye ule ughafla. Siku yenyewe tulikimbia vizuri kuliko siku zote za mazoezi. Tukiwa bado tunapishana, spika ikasema: na sasa watoto wetu wanaandika neno UHURU. Makofi yakapigwa. Tulipochuchumaa watu walikuwa wameshamaliza kupiga makofi, na wengine walikuwa wameshageukia jirani zao kuzungumza. Msichana aliyekuwa mbele yangu aligeuza kichwa akanitazama, na sote wawili tulijua tumenyang'anywa kitu, ingawa hatukuwa na umri wa kukitaja.

Tangu hapo, kila ninapokaa jukwaani kama mwalimu, nawatazama watazamaji zaidi ya ninavyowatazama wachezaji. Ngoma inapopigwa peke yake, vichwa vinafuata bendi: ikienda kushoto, vinakwenda kushoto. Mshereheshaji akianza kusoma, vichwa vinatulia. Watu wanasikiliza, na mtu anayesikiliza maneno macho yake hukaa tu mahali yalipo. Akimaliza, wanatafuta tena bendi iko wapi. Mtoto amefanya mazoezi ya kugeuka robo duara na ngoma kubwa tumboni, mkanda ukimkata bega, bila kupoteza mguu, na mgeuko wenyewe umepita wakati watu wanaelezwa kwamba utakuja.

Kuna pia jambo la kiufundi, ambalo kamati hulisikiliza zaidi kuliko masikitiko yangu. Kwenye uwanja kama Jamhuri wa hapa Morogoro, spika huwekwa karibu na jukwaa kuu. Bendi ikiwa kwenye kona ya mbali, kati yake na spika kuna mita mia moja hivi. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo inamfikia mpiga snea wa kona ile imechelewa karibu sekunde 0.3. Mwendo wa haraka ni hatua 120 kwa dakika, yaani nusu sekunde kwa hatua moja. Ucheleweshaji huo ni zaidi ya nusu ya hatua. Sasa mshereheshaji mwenye damu ya moto hasomi kwa utulivu, huanza kupandisha sauti kwa mapigo, "kushoto, kulia, mnawaona, mnawaona", na mtoto aliye mbali anasikia mapigo mawili: la besi iliyo mgongoni kwake, na la spika linalokuja katikati ya hatua. Sisi walimu tunawafundisha kwamba mguu wa kushoto ni wa besi na macho ni ya kiongozi mwenye fimbo, basi. Wengi wanashika hivyo. Lakini huyu ni mtoto wa miaka kumi na moja, na spika ni kubwa kuliko yeye.

Najua nitaambiwa kwamba Waafrika hatujawahi kuwa na ngoma bubu, kwamba kwetu ngoma na maneno ni pacha. Ni kweli kabisa, na hapo ndipo hoja yangu inaposimama.

Gwaride la bendi halikuletwa hapa na shule. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na pamoja nayo wakaja askari, makarani, na parapanda zao. Vita Kuu ya Kwanza ikapita humu humu: tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia mjini, na Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck wakarudi nyuma kuuzunguka mlima Uluguru kuelekea kusini. Askari na wapagazi wa pande zote mbili walirudi makwao na mwendo wa kijeshi miguuni. Beni, ngoma iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890, ilienea bara kwa njia hiyo. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975, na humo vyama vya Marini na Arinoti vinaonekana vikishindana mji kwa mji, vikiwa na vyeo, sare na bendi. Beni ilikuwa na maneno tele. Ilikuwa na matusi, mafumbo, habari za mji, kejeli kwa wapinzani. Lakini aliyeyatoa maneno hayo alikuwa mstarini, miguu yake ikienda na besi. Hakuna aliyesimama pembeni kuwaeleza Arinoti kwamba Marini wanawatukana.

Mimi beni sikuikuta. Nilichokuta ni mdogo wake, mganda. Baba yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kimamba, na kambini walikuwapo watu wa Ruvuma, Wanyasa na Wangoni, waliokuja na ngoma yao. Jumapili mchana walijipanga mistari, mashati meupe, kaptura zilizopigwa pasi, kapteni mbele. Walikuwa na mapembe ya vibuyu yenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na mtu akiimbia ndani yake sauti hutoka ikiwa na mtetemo kama wa tarumbeta. Ukilisikiliza kundi lile kwa makini, ulikuwa husikii maneno, ila unajua kabisa kuna maneno mle ndani ya kibuyu. Sauti ya mtu ilikuwa imegeuzwa chombo. Nilikuwa mtoto, nimekaa chini na miguu imejaa vumbi, na sikuhitaji mtu aniambie wanachosema. Nilitaka tu warudie.

Jirani zetu wa Burundi wanatoa mfano ulio wazi zaidi. Ngoma zao za kifalme, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, zina mashairi ya kishujaa ndani yake. Mpigaji mmoja hutoka kwenye nusu duara, huruka, hupaza maneno, wenzake huitikia, na ngoma huingia tena kwa kishindo. Maneno na ngoma vinapokezana. Anayesema ni yule yule aliyekuja na ngoma kichwani, pumzi zake bado zinahema, na maneno yanatoka yakiwa yamehema vivyo hivyo.

Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa Matombo, upande wa mashariki wa mlima. Alikuwa akiitwa kwenye mkole, ngoma ya kumtoa mwali, ambayo sisi Waluguru tunaijua sawa na Wazaramo. Yanayofundishwa humo si ya gazetini na sitayaandika. Ila naweza kusema jinsi mambo yalivyopangwa, maana hilo kila mtu aliyepita barabarani aliliona. Uwanjani ziliimbwa nyimbo, na nyimbo hizo zilikuwa mafumbo. Wanaume walizisikia, watoto walizisikia, wageni walizisikia, na kila mmoja aliondoka na kiasi chake. Maelezo yalikuwapo, tena marefu, lakini yalitolewa ndani, na mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo, kwa mwali peke yake, kwa wakati wake. Nilipokuwa msichana nilimuuliza bibi kwa nini wasieleze palepale, akanijibu, "Mjukuu wangu, kitu ukikieleza mbele za watu, nani atarudi nyumbani kukifikiri?"

Hata mji huu wa dansi unajua kugawa zamu. Morogoro tulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na mtu yeyote aliyekulia kwenye nyimbo zile anaufahamu mpangilio wake. Kwanza kisa: mwimbaji anatuliza, anasimulia, gitaa linamsindikiza kwa adabu. Kisa kikiisha, magitaa na tarumbeta zinachukua, watu wanainuka, na mwimbaji anabaki na mwito mfupi wa hapa na pale. Hakuna mpenzi wa dansi ambaye angevumilia mtu arudie kusimulia kisa chote wakati wa chemko hilo.

Sasa nieleze onyesho moja, kwa sababu ndilo lililonipa ushahidi wa pande zote mbili.

Tuliandaa onyesho la maji. Wanafunzi wetu wanakunywa maji ya mlima huu, na Ruvu inayotoka huku ndiyo inayowanywesha hata watu wa Dar es Salaam, ingawa wengi wao wanaufahamu Uluguru kwa kuuona dirishani mwa basi. Bendi iliingia bila kushika vijiti. Wapiga snea walipiga ngozi kwa ncha za vidole, mmoja kwanza, kisha wawili, kisha mstari mzima, mpaka ikawa manyunyu ya kilele cha Bondwa. Wasichana waliovaa vitenge vya buluu wakaanza kushuka kutoka kona moja, mistari miwili ikikutana kuwa mmoja, kama vijito vinavyokutana. Besi ikaingia. Vijiti vikatoka. Kufika katikati ya uwanja ilikuwa mto kamili, matoazi yakipasuka. Ndipo wavulana wenye mapanga ya mbao wakapita kwenye mistari, na kila walipopita, mpigaji mmoja aliinua vijiti na kuacha. Ngoma ikapungua, ikapungua, hadi ikabaki besi moja peke yake. Nayo ikaacha. Watoto walisimama wakihesabu kimoyomoyo mapigo kumi na sita ya kimya. Ndicho kilichokuwa kiini cha onyesho: uwanja mzima usikie jinsi kukauka kunavyosikika.

Siku mbili kabla, afisa kijana wa kamati alikuja shuleni na karatasi zake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Tumeona mazoezi, ni mazuri mno. Tumeandaa maelezo kidogo, yasomwe wakati wanacheza, ili ujumbe ufike."

"Mwanangu, yasomwe kabla hawajaingia. Ukiweza, nusu dakika. Wakishaingia, tuwaachie."

"Mama, mgeni rasmi hawezi kuelewa ngoma ikinyamaza tu. Atadhani watoto wamesahau."

Alikuwa anaongea kwa heshima, na alikuwa na wakubwa wake waliomtuma. Siku ya siku maelezo yalisomwa mwanzo hadi mwisho. Kilipofika kile kimya, kilijazwa na sentensi kuhusu hifadhi ya vyanzo vya maji, kwa sauti nzuri, yenye itifaki zote. Watoto walihesabu mapigo yao kumi na sita chini ya sentensi ile, wakatoka kwa mguu uliotimia. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyesikia kukauka.

Tulipoalikwa tena na watu wengine, sikuliondoa neno. Nililirudisha uwanjani. Nilimchukua msichana wa darasa la tano, mwenye sauti kavu inayopenya, akasimama kati ya mistari bila kipaza sauti. Snea zikishuka kwenye vidole, yeye aliita jina la mto: Ngerengere. Besi ikajibu mapigo mawili. Akaita: Mgeta. Besi ikajibu. Mvuha. Mfizigo. Ruvu. Majina yale yana mapigo yake, na watoto waliyakuta wenyewe. Ngerengere peke yake ni snea tupu. Mapanga yalipopita na ngoma kupungua, msichana aliendelea kuita, na safari hii hakuna kilichojibu. Mgeta. Kimya. Mvuha. Kimya. Jukwaani nilikuwa nimekaa nyuma ya wanawake wauza mboga kutoka Mgeta, na jina la kwao lilipoitwa likakosa jibu, mmoja alishika mkono wa mwenzake na kusema kwa nguvu, "Kwetu!" Mgeni rasmi hakuuliza kama watoto wamesahau. Alipopanda kuhutubia aliacha alichokuwa ameandikiwa akaanza kwa kuyataja majina yale ya mito.

Kwa hiyo sitetei ngoma bubu. Natofautisha neno lililofanyiwa mazoezi pamoja na ngoma, lenye hesabu yake na pumzi yake, na maelezo yanayomwagwa juu ya kazi ya watu wengine. Ngonjera ninaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mathias Mnyampala na wenzake wa chama cha washairi cha UKUTA waliipeleka mashuleni baada ya Azimio la Arusha, na mpaka leo watoto wanaisema wakijongea, wakinyoosheana mikono, hatua na beti zikienda pamoja. Itie kati ya vipande viwili vya bendi, itakaa. Iweke juu ya bendi, vyote viwili vitakufa.

Ubishi huu si wetu peke yetu. Marekani kuna makundi ya vijana ya ngoma, matarumbeta na bendera ambayo chimbuko lake nalo ni parapanda za jeshi, kupitia vyama vya askari waliorudi kutoka vita vile vile vya 1914 hadi 1918. Chombo chao kikuu, Drum Corps International, kimekuwa kikiendesha fainali za ubingwa tangu mwaka 1972. Kwa miaka mingi vipaza sauti vilikatazwa kabisa. Vikaruhusiwa kuanzia msimu wa 2004, na vyombo vya elektroniki vikafuata 2009. Tangu hapo sauti za wasimulizi zimeingia kwenye maonyesho, na mashabiki wanagombana. Mpwa wangu alinionyesha baadhi ya maonyesho hayo kwenye simu. Nikiri kwamba wenzetu wanapima: neno linaangukia pale tarumbeta zinapopumua. Hata hivyo, palipokuwa na sentensi nyingi nilijikuta nasikiliza, na mistari ile ya ajabu ya vijana inapita machoni bila kuniingia.

Kuna mahali ambapo msimulizi ni lazima, na ni redioni. Utotoni gwaride la Uhuru tulilifuata kwa Radio Tanzania, na mtangazaji alitujengea uwanja mzima sebuleni: kikosi hiki kinapita, mwendo wa pole, sasa wa haraka, huku bendi ikisikika kwa mbali nyuma yake. Alikuwa macho yetu. Asiyeona, naye akiwa uwanjani, anastahili mtu wa kumnong'oneza. Mei Mosi ya kitaifa ilipofanyika Jamhuri mwaka 2023, wafanyakazi walipita na mabango yao mbele ya jukwaa, na kutaja kila taasisi inayopita kulikuwa na maana, kwa sababu yale ni maandamano ya kujitambulisha. Lakini watoto wa bendi hawapiti ili watambulishwe. Wamekuja na kazi waliyoitengeneza.

Harusini ndiko hali imekuwa mbaya zaidi, na ndiko watoto wetu wanakojifunzia mazoea. Matarumbeta yamewasindikiza maharusi mji mzima juu ya pikapu, yameingia ukumbini yakiwa yamepamba moto, na mshereheshaji anaona huo ndio wasaa wa kutuambia kwamba bibi harusi amependeza. Tunamwona. Wapigaji wale wamepuliza tangu kanisani au tangu nyumbani kwa wakwe, waachiwe mlango ule mmoja wa kuingilia.

Walimu vijana wanaokuja kuniuliza huwa nawaambia wajibu barua za mialiko kwa maandishi, mapema, kabla ratiba haijachapwa. Waombe nusu dakika ya mshereheshaji watoto wakiwa bado nje ya uwanja: jina la shule, jina la onyesho, na sentensi moja. Waombe spika za upande wa mbali zizimwe. Wakitaka neno ndani ya onyesho, walitunge na watoto, lipigiwe ngoma tangu siku ya kwanza ya mazoezi, na asemaye awe amevaa sare. Kamati nyingine zitakataa, na bendi itaingia hivyo hivyo, maana watoto wameshafua soksi. Lakini zipo zinazokubali, na idadi yake inaongezeka, na mwaka huu barua moja imekuja bila kiambatisho.